Mwongozo kamili wa kujibu maswali ya ufahamu ambayo jibu lake halikuandikwa waziwazi

Swali linauliza: "Zuhura ana uhusiano gani na mwenye nyumba?" Mwanafunzi anarudi kwenye kifungu, anatafuta neno "uhusiano", halioni, kisha ananakili sentensi nzima yenye jina la Zuhura. Anapata sufuri. Mwenzake anaandika kwamba wawili hao ni marafiki wa siku nyingi. Naye anapata sufuri. Wa kwanza hakukisia kabisa. Wa pili alikisia bila kushika neno lolote la kifungu.

Makosa hayo mawili hurudi kila muhula, na dawa yake ni moja. Hitimisho halali hujengwa kwa vitu viwili: neno lililomo kwenye kifungu, na jambo ambalo msomaji wa kawaida analijua. Ukikosa la kwanza, unabuni. Ukikosa la pili, unanakili.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa sekondari na mwalimu wake. Mtahiniwa wa darasa la saba Tanzania, ambako maswali mengi ni ya kuchagua herufi, anaweza kutumia hatua hizi zote isipokuwa ya sita.

## Vitu vya kuwa navyo

- Vifungu vifupi vitano hadi saba, kila kimoja maneno 80 hadi 200, nusu simulizi na nusu maelezo. Vya mtihani ni virefu zaidi, lakini kwenye mazoezi urefu huficha kosa: hutajua kama alama ilipotea kwa kutosoma vizuri au kwa kutokisia vizuri.
- Penseli na kifutio. Kalamu ya wino haifai, kwa sababu siku za mwanzo utapiga mstari chini ya nusu ya kifungu na utahitaji kufuta.
- Daftari lenye ukurasa uliogawanywa safu tatu: *Kifungu kinasema*, *Ninajua*, *Basi*.
- Saa.
- Kamusi, ikiwa imefungwa hadi hatua ya saba.
- Mwenzako mmoja mwenye kupenda ubishi. Hitimisho ambalo halijapingwa na mtu huwa halijapimwa.

## Kifungu tutakachokitumia

> Adhana ya magharibi ilikuwa haijaadhiniwa bado Zuhura alipoingia uani. Mkeka ulikuwa umekwisha kutandikwa, na juu yake sinia la tende na bakuli la uji wa pilipili manga vimefunikwa kwa kawa. Hakuna aliyegusa.
>
> "Wifi," alisema mwenye nyumba bila kumtazama, "leo umetukumbuka?"
>
> Zuhura akavua viatu, akakaa ukingoni mwa mkeka. "Kaka hajarudi?"
>
> "Kaka yako! Eti kenda kutafuta nauli ya mtoto. Tangu juzi."
>
> Mtoto aliyekuwa amepakata begi jipya la shule akainamisha kichwa. Sare aliyovaa ilikuwa imemwishia juu ya magoti. Zuhura akafungua kikapu, akatoa bahasha, akaisogeza polepole hadi chini ya ukingo wa sinia.
>
> "Isingekuwa mvua, ningefika asubuhi," alisema.
>
> Mwenye nyumba akaitazama bahasha, kisha akamtazama Zuhura kwa mara ya kwanza. "Sogea katikati, wifi," alisema. "Utakula na sisi."

Kisome kabla ya kuendelea. Usiandike kitu.

## Hatua ya 1: Soma mara moja bila penseli

Soma kwa mwendo wa kawaida mpaka mwisho, kisha jiulize maswali matatu tu: nani wamo, wako wapi, na nini kimebadilika kati ya mwanzo na mwisho.

Umeenea ushauri wa kuanza na maswali kabla ya kusoma kifungu. Unasaidia kwa maswali ya kudondoa, ila kwa maswali ya kukisia unaharibu. Msomaji aliyekwisha kuona maswali huwinda maneno yanayofanana nayo na kuruka mengine yote, na vidokezo vya kukisia hukaa hasa kwenye hayo yaliyorukwa. Neno "ukingoni" halifanani na swali lolote kuhusu hisia, lakini ndilo lenye jibu.

*Umefaulu ikiwa* unaweza kueleza kifungu kwa sentensi mbili bila kukitazama. Kwa kifungu chetu: mwanamke anawatembelea jamaa zake jioni na kupokewa vibaya, anatoa bahasha, na mapokezi yanabadilika. Ukishindwa, soma tena kabla ya kugusa maswali.

## Hatua ya 2: Panga maswali kwa herufi

Pitia maswali yote na uandike herufi moja pembeni ya kila swali.

D ni la kudondoa. Jibu limeandikwa. Huanza kwa *taja*, *nani*, *wapi*, *lini*, *ngapi*.

F ni la kufasiri. Jibu halikuandikwa, vidokezo vyake vimeandikwa. Tafuta maneno kama *nini kinaonyesha kwamba*, *thibitisha*, *bainisha hisia*, *eleza sifa za*, *una ushahidi gani*, *unafikiri ni kwa nini*.

M ni la msamiati: eleza maana ya neno kama lilivyotumika katika kifungu.

Onyo: *kwa nini* na *eleza* hazina kabila moja. "Kwa nini Zuhura hakufika asubuhi?" liko karibu sana na D. "Kwa nini Zuhura aliisogeza bahasha polepole hadi chini ya sinia?" ni F kamili. Usiamue kwa neno la mwanzo. Jiulize kama kuna sentensi unayoweza kuiwekea kidole na kusema jibu ni hili.

Kuwa macho pia na fungu la maneno "unafikiri". Wanafunzi huliona kama ruhusa ya kutoa maoni yao. Mtahini anataka ufikiri kwa kutumia kifungu, na atakusahihisha kwa kufuata kifungu.

## Hatua ya 3: Soma tena, sasa ukiwinda vidokezo

Hapa ndipo kazi ilipo, kwa hiyo itapewa nafasi kubwa. Kiswahili huficha habari nyingi katika maneno ambayo wanafunzi huyapita haraka. Piga mstari chini ya aina zifuatazo.

Majina ya kuitana. Neno "wifi" hutumika baina ya mwanamke na dada wa mumewe, au baina ya mwanamke na mke wa kaka yake. Likitamkwa tu, umeshajua kwamba wote wawili ni wanawake na kwamba kuna mwanamume mmoja anayewaunganisha. "Kaka hajarudi?" na "Kaka yako!" yanamaliza kazi: Zuhura ni dada wa mume wa mwenye nyumba. Fanya hivyo hivyo na *shangazi* (dada wa baba), *mjomba* (kaka wa mama), *shemeji*, *mkwe*, *mkazamwana*. Jihadhari na matumizi ya heshima: kijana anayemwita muuza matunda "shangazi" hajathibitisha undugu.

Maneno madogo yanayobeba habari ya nyuma. "Tena" hudai kwamba jambo lilitokea kabla. "Bado" hudai kwamba lilikuwa likitarajiwa. "Hata" hutaja kile ambacho hakikutegemewa. "Angalau" hukiri kwamba kilichopatikana ni kidogo kuliko kilichotakiwa. "Kumbe" huonyesha kwamba msemaji alikuwa akiamini jambo tofauti. "Eti" hujitenga na maneno yanayofuata: anayesema "Eti kenda kutafuta nauli" haungi mkono sababu hiyo, anairudisha kwa mwenyewe. Neno moja lenye herufi tatu limetueleza kuhusu ndoa hii mambo ambayo msimulizi hakuyasema.

Viambishi vya kitenzi. Kiambishi *-nge-* au *-ngali-* kinapozungumzia jambo lililopita, geuza kila upande ndipo upate ukweli. "Isingekuwa mvua, ningefika asubuhi": mvua ilikuwapo, na hakufika asubuhi. Wengi hugeuza upande mmoja tu na kuandika kwamba hapakuwa na mvua. Nacho *-me-* huonyesha hali ambayo matokeo yake bado yapo. "Ulikuwa umekwisha kutandikwa" inaonyesha maandalizi yaliyokamilika kabla mgeni hajafika, kwa hiyo mkeka haukutandikwa kwa ajili yake.

Kukuza na kudunisha. *Kijitu*, *kijumba*, *jitu*, *jijumba*: mara nyingi msemaji anatoa msimamo wake kuhusu kitu hicho, na si ukubwa wake tu. Soma sentensi ya jirani kabla ya kuamua kama ni dharau, huruma au mshangao.

Mahali, wakati na desturi. Magharibi, tende, uji wa pilipili manga, chakula kimefunikwa na hakuna aliyegusa: watu wamefunga na wanangoja adhana wafuturu. Kifungu hakitumii neno "saumu" wala "futari". Vivyo hivyo, anayekula *daku* yuko usiku wa kuamkia siku ya kufunga, na jahazi linalofika Mombasa au Unguja kutoka Uarabuni kwa upepo wa *kaskazi* linafika kipindi cha mwishoni mwa mwaka hadi Machi hivi.

Vitendo vya mwili na vitu. Bila kumtazama, kisha akamtazama. Ukingoni, kisha katikati. Kifungu kifupi kina nafasi ndogo, basi mwandishi akirudia jambo kwa sura mbili zinazopingana, amefanya hivyo kwa makusudi. Viunganishe kwa mshale.

*Umefaulu ikiwa* kifungu cha maneno mia moja na ushee kina mistari minane hadi kumi na miwili. Mistari thelathini ni ishara kwamba hujachagua. Mistari mitatu ni ishara kwamba umepiga mstari chini ya matukio ukayaacha maneno.

## Hatua ya 4: Jaza safu tatu

Usiruke hatua hii katika wiki za kwanza, hata kama unaona jibu liko wazi. Kinachojengwa hapa ni mazoea ya kutenganisha kilichoandikwa na unachokijua.

Mfano wa kwanza:

- *Kifungu kinasema:* sare ilikuwa imemwishia juu ya magoti.
- *Ninajua:* mtoto hukua, nguo haikui. Mzazi mwenye uwezo hununua nyingine.
- *Basi:* inaelekea familia haijamudu sare mpya.

Mfano wa pili:

- *Kifungu kinasema:* aliisogeza polepole hadi chini ya ukingo wa sinia.
- *Ninajua:* msaada unaotolewa hadharani unaweza kumwaibisha anayepewa.
- *Basi:* Zuhura anataka kusaidia bila kumvunjia heshima mwenye nyumba.

Sasa angalia mtego. Begi ni jipya. Mwanafunzi mmoja ataandika kwamba familia ina pesa, kwa sababu ya begi. Mwingine ataandika kwamba ni maskini, kwa sababu ya sare. Vidokezo viwili vinapovutana, usikitupe kimoja. Tafuta maelezo yanayovibeba vyote: mtoto anatayarishwa kwenda shule, baadhi ya mahitaji yamepatikana na mengine bado, nauli ikiwa mojawapo. Hitimisho hilo ni dogo kuliko "tajiri" au "maskini", na ndilo sahihi.

Safu ya kati ikiwa tupu, unachotaka kuandika ni dondoo. Safu ya kwanza ikiwa tupu, futa mstari wote.

## Hatua ya 5: Lipime hitimisho kabla ya kuliandika

Kuna majaribio matatu. La kwanza huchukua sekunde chache.

Jaribio la kufunika. Funika kidokezo kwa kidole. Jibu likiendelea kusimama, halikutoka kwenye kifungu. "Zuhura alisaidia kwa sababu ndugu husaidiana" linasimama hata ukichoma kifungu chote, kwa hiyo halina alama.

Jaribio la kinyume. Andika kinyume cha hitimisho lako, kisha ukitetee kwa dakika moja. Hapa ndipo yule mwenzako mbishi anapofaa. Chukua "mwenye nyumba anamchukia Zuhura". Utetezi: hakumtazama, alimsema. Upinzani: anamwita "wifi" mara mbili na mwishoni anamkaribisha kula. "Chuki" imeanguka, kinachobaki ni kinyongo. Upande wa pili ukipata maneno mengi kuliko wako, badilisha jibu.

Jaribio la uzito. Kila hitimisho lina kiwango chake cha uhakika, na lazima neno unalolitumia lilingane nacho.

- *Bila shaka* au *ni dhahiri*: kifungu hakiachi nafasi ya maelezo mengine. Zuhura ni dada wa mume wa mwenye nyumba.
- *Inaelekea*: vidokezo viwili au zaidi vinaelekea upande mmoja. Bahasha ina pesa.
- *Huenda*: kidokezo kimoja tu, au kina maelezo mengine. Mtoto huenda anakwenda shule ya bweni, kwa kuwa anahitaji nauli. Lakini pia anaweza kuwa anakwenda kukaa kwa jamaa.
- *Haijulikani*: hakuna kidokezo. Mume yuko wapi hasa? Haijulikani, na kusema hivyo ni jibu halali pale swali linapouliza kama kauli ni kweli, si kweli au haijulikani.

Mwezi wa Ramadhani je? Wengi wataandika "bila shaka ni Ramadhani". Kifungu kinathibitisha kufunga tu, na Waislamu hufunga pia siku za sunna nje ya Ramadhani. "Inaelekea ni Ramadhani" ndiyo kauli salama. Kosa la aina hiyohiyo humpata anayesoma kwamba mwanamke "yuko edani" na kukimbilia kuandika kwamba mumewe amefariki. Aliyepewa talaka naye hukaa eda. Tafuta neno la pili, kama *marehemu*, *matanga* au *talaka*, kabla ya kuamua.

## Hatua ya 6: Andika jibu

Muundo ni huu: hoja yako kwa maneno yako, kisha kiunganishi (*kwa kuwa*, *kwa sababu*, *hili linaonekana pale*), kisha kidokezo kwa ufupi.

Swali: *Eleza jinsi hisia za mwenye nyumba kwa Zuhura zinavyobadilika. (alama 4)*

Jibu lisilo na alama: "Alisema leo umetukumbuka, kisha akasema sogea katikati wifi utakula na sisi." Ni maneno ya kifungu yaliyounganishwa, hakuna hisia iliyotajwa.

Jibu la nusu: "Mwanzoni alimkasirikia, mwishoni akampenda." Hisia zimetajwa bila ushahidi, na "akampenda" imevuka kilichopo.

Jibu kamili: "Mwanzoni ana kinyongo, kwa kuwa anazungumza na Zuhura bila kumtazama na kumlaumu kwa kutowatembelea. Baada ya kuona bahasha analainika, kwani anamtazama, kisha anamwalika akae katikati ya mkeka na kula pamoja nao."

Hesabu: kinyongo 1, ushahidi 1, kulainika 1, ushahidi 1. Idadi ya alama ndiyo inayokuambia uandike kiasi gani. Swali la alama 2 halihitaji aya. Hoja moja na ushahidi wake vinatosha, au hoja mbili ikiwa swali limesema "mambo mawili".

Mambo madogo yanayokata alama ukiwa umekwisha kupata jibu:

- Kifungu kikiwa katika nafsi ya kwanza, jibu kwa kusema "msimulizi", si "mimi". Wala usiseme "mwandishi": anayesimulia anaweza kuwa mhusika aliyebuniwa.
- Chagua wakati mmoja wa kitenzi na ubaki nao katika jibu zima.
- Andika sentensi kamili. "Kwa sababu ya mvua" peke yake imekatika.
- Hakiki upatanisho na tahajia. Katika KCSE (mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya), watahini wa ufahamu hukata alama kwa makosa ya sarufi na tahajia hata pale hoja ilipo sahihi.
- Methali si ushahidi. "Damu nzito kuliko maji" haithibitishi lolote kuhusu Zuhura.

## Hatua ya 7: Maswali ya msamiati

Kukisia maana ya neno ni ufasiri uleule kwa kipimo kidogo. Chukua "kawa". Tambua kwanza aina ya neno: limetanguliwa na "kwa" na kitenzi "vimefunikwa", kwa hiyo ni nomino na ni kifaa. Kisha tambua kazi yake: kufunika sinia na bakuli. Jibu: kifuniko cha chakula. Kwamba hicho kifuniko husukwa kwa ukili, kifungu hakikusema. Ukilijua liongeze, usipolijua hujapoteza kitu.

Sasa fungua kamusi. Utakuta pia kitenzi *kawa*, maana yake kuchelewa. Ndiyo sababu kamusi ilikuwa imefungwa: anayeanza nayo huchukua maana anayoiona kwanza, halafu anapata chakula "kilichofunikwa kwa kuchelewa".

Jibu lako lazima liweze kuwekwa mahali pa neno lenyewe bila sentensi kuvunjika. Neno likiwa kitenzi chenye *-li-*, toa kitenzi chenye *-li-*. Likiwa wingi, toa wingi.

## Muda

Katika Karatasi ya Pili ya Kiswahili ya KCSE, ufahamu una alama 15 kati ya 80, na karatasi yote ina saa mbili na nusu. Haki yake ni kama dakika 28. Zigawe hivi: 4 kusoma mara ya kwanza, 3 kupanga maswali, 7 kusoma ukiwa na penseli, 11 kuandika, 3 kuhakiki. Siku ya mtihani zile safu tatu utazifanya kichwani. Ndiyo maana zinaandikwa daftarini sasa.

Kwenye maswali ya kuchagua herufi, muda wa kuandika utumie kuondoa chaguo. Lenye *daima*, *wote*, *kamwe* au *pekee* liwe la kwanza kushukiwa. Hatari zaidi ni lile lililo kweli duniani lakini halimo kifunguni, kwa sababu akili haioni cha kupinga.

## Jaribu mwenyewe: kifungu cha maelezo

Simulizi zina watu na hisia, kwa hiyo huonekana ndizo pekee zinazodai ufasiri. Kifungu cha taarifa huficha vilevile; kinachofichwa huwa ni sababu na matokeo. Jipe dakika 12.

> Mwaka 2004, watu 125 walifariki mashariki mwa Kenya baada ya kula mahindi yenye sumukuvu. Kuvu wanaotoa sumu hiyo hustawi penye joto na unyevu, na kupika kwa kawaida hakuiondoi. Wataalamu hushauri mahindi yakaushwe hadi unyevu wa asilimia 13.5 au chini ya hapo kabla ya kuhifadhiwa. Hata hivyo, baadhi ya wakulima huvuna mapema kwa kuhofia wezi, kisha huyarundika sakafuni katika vyumba wanamolala. Wakati wa njaa, hata punje zilizobadilika rangi hazitupwi.

1. Eleza jinsi hofu ya wizi inavyoweza kusababisha vifo. (alama 3)
2. Unafikiri ni kwa nini mahindi huwekwa katika vyumba vya kulala? (alama 2)
3. Neno gani linaonyesha kwamba wakati wa kawaida punje zilizobadilika rangi hutupwa? (alama 1)
4. *Wakulima hawa hawaujui ushauri wa wataalamu.* Kweli, si kweli, au haijulikani? Toa sababu. (alama 2)
5. Mama anachemsha uji wa mahindi haya kwa muda mrefu ili kuwakinga wanawe. Je, amewakinga? (alama 2)

### Majibu na alama zake

1. Anayehofia wezi huvuna mapema, na mahindi yaliyovunwa mapema bado yana unyevu mwingi (1). Yakirundikwa hivyo, kuvu hustawi na kutoa sumu (1). Wanaoyala hudhurika, na wengine hufa (1). Kifungu hakisemi popote kwamba mahindi yaliyovunwa mapema yana unyevu. Hilo ulilileta wewe katika safu ya kati. Aliyeandika "kwa sababu huvuna mapema" akaishia hapo ana mwanzo wa mnyororo tu, na hana alama kamili hata moja.

2. Ili kuyalinda yasiibwe (1), kwa kuwa sentensi hiyohiyo imetaja hofu ya wezi (1). "Kwa sababu hawana maghala" hufunikwa kwa kidole na kubaki limesimama. Huenda ni kweli, lakini kifungu hakina kidokezo chake.

3. Hata. Kuwa mwangalifu: ni ile iliyo kabla ya "punje", si ya "hata hivyo", ambayo kazi yake ni kuonyesha mgongano kati ya ushauri na vitendo.

4. Haijulikani (1). Kifungu kinaonyesha kwamba hawaufuati, na sababu inayotajwa ni hofu ya wezi. Hakisemi kama wanaujua au hawaujui (1). Hili ndilo swali linalokosewa zaidi kati ya yote matano, kwa kuwa msomaji humchukulia asiyefuata ushauri kuwa hajausikia.

5. Hapana (1), kwa kuwa kupika kwa kawaida hakuondoi sumu hiyo (1). Ukiandika kwamba amepunguza hatari kidogo, mwenzako mbishi atakuuliza neno gani limekuambia hivyo.

Ukipata 8 au zaidi, nenda kwenye vifungu vya maneno 400. Ukipata chini ya 5, rudi kwenye safu tatu na ufanye vifungu viwili vingine vya urefu huuhuu kabla ya kuongeza. Ukiwa kati ya hapo, angalia alama ulizopoteza zilikuwa za hoja au za ushahidi: za hoja zinakurudisha hatua ya tatu, za ushahidi hatua ya sita.